Mchujo wa Mtandaoni

Mwalimu Zita alitoka shuleni kwake Matai alfajiri kwenda kikao cha walimu mjini, akiwa na hasira. Timu yake ya chemsha bongo ilizoea kushinda jukwaani, na sasa Jafeti, afisa wa mashindano mkoani, amefuta mchujo wa ana kwa ana. Timu zitafuzu kwenda taifa kwa mtihani wa mtandaoni.

"Shuleni kwangu mtandao tunaufuata mlimani," Zita aliwaka kikaoni.

"Visingizio!" Jafeti alifoka. "Maswali ni saa nne kamili. Asiyeyafungua, nje! Tazameni, saa nne ndiyo hii, nalifungua jaribio la leo."

Akabonyeza kompyuta iliyounganishwa na projekta. Ukutani kiduara kikazunguka, kikazunguka. Walimu wakaguna.

"Mnivumilie kidogo, mtandao wa hapa mjini..."

Zita akasimama, akaitazama saa.

"Saa nne imepita, Bwana Jafeti. Umeshatolewa. Tupishe."