Kufuli Lisilo na wa Kulifungua

Léocadie aliitunza peke yake programu iliyowaonya watu wa ufukweni ziwa linapopanda. Zamani walikuwa wawili. Révérien, aliyeiandika pamoja naye katika chumba cha kupanga huko Nyamianda, alivuka kwenda Bujumbura vita vilipokaribia, na tangu hapo simu yake haikupatikana.

Asubuhi moja mama yake mkubwa, Annie, alimpigia kutoka Makobola.

"Maji imeingia mu nyumba. Mbona hatukupata mesaje?"

"Muko wazima, mama?"

"Tuko. Ila muhogo yote imelowa. Weye unalala huko?"

Léocadie aliomba radhi, akakata simu. Akafungua kompyuta. Programu haikuwa imekufa wala haikuonyesha kosa. Ilikaa tu kimya. Aliichunguza mpaka jua likawa la utosi, ndipo akaona. Kila ilipotaka kutuma onyo, programu ilijigawa, na nakala yake ndiyo iliyotuma. Ile ya kwanza ilikuwa na nyuzi kadhaa, yaani kazi zinazokwenda kwa pamoja, na mmojawapo ulikuwa umefunga kufuli la kumbukumbu ili uandike bila kuingiliwa na nyingine. Lakini programu ikijigawa, uzi unaovuka kwenda kwenye nakala ni ule tu ulioagiza mgawanyo. Kufuli lilivuka likiwa limefungwa. Aliyelifunga alibaki nyuma. Nakala ikangoja lifunguliwe, na ingengoja milele.

"Révérien, nimeiona!" alisema kwa sauti.

Kiti cha pili kilikuwa kimejaa nguo za kufua.

Révérien angebisha kwanza, kisha angecheka. Léocadie aliirudia kompyuta. Alipanga upya ili programu ijigawe mwanzoni kabisa, kabla ya uzi wowote mwingine kuanza, na nakala hiyo moja ndiyo itume maonyo yote. Akatuma ujumbe wa majaribio. Annie akapiga papo hapo.

"Imefika! Imeandikwa 'majaribio'. Iko nini?"

"Ni minye, mama. Nimetengeneza."

Alijaribu tena namba ya Révérien. Haikupatikana. Basi akafunga chumba, akapanda pikipiki hadi Makobola.

Alimkuta Annie akianika muhogo juu ya mabati. Akakunja sketi, akaanza kuchota tope mlangoni.

"Sasa niambie, kitu gani iliharibika?" Annie aliuliza.

Léocadie akamweleza yote, nyuzi, nakala na kufuli.

"Sijaelewa hata kidogo," Annie alisema. "Lakini sema tu. Minye nasikiliza."

Léocadie akarudia tangu mwanzo, polepole.