Mwalimu Weldon Aipa Uholanzi Mgongo

Nelvine, muuguzi huko Uholanzi, ndiye aliyewatumia wazazi wake tikiti. Baba yake, Mwalimu Weldon wa kijiji cha Kimulot, aliyestaafu ualimu mkuu lakini hakustaafu kuhutubia, alitangaza safari hiyo kanisani Jumapili tatu mfululizo, asije mtu akadai hakusikia. Mama yake, Chepngeno, alikuwa na ombi moja tu: awaone ng'ombe wa Uholanzi, wale ambao daktari wa mifugo alimletea mbegu yao kila mwaka ya kupandisha ng'ombe wake.

"Ng'ombe?" Mwalimu alicheka. "Mama Nelvine, mtu hapandi ndege kwenda kutazama kwato."

Walifikia Delft, mji wa mifereji na madaraja madogo. Mwalimu alivaa suti kila siku, na kila siku Chepngeno alikuwa na kazi ya kumpiga picha. Mwalimu na mnara wa kanisa. Mwalimu na mfereji. Siku ya pili Nelvine aliwapeleka Kinderdijk kuona vinu vya upepo, na Mwalimu akavipa mgongo vyote kumi na tisa, akiuliza kama tai yake imenyooka. Mwenye mashua iliyowabeba alipoeleza jinsi vinu hivyo vilivyotoa maji mashambani, yeye alikuwa anatuma picha kwa kundi la ukoo.

Siku ya tatu, wakiwa tena Delft, akirudi kinyumenyume ili aingie kwenye picha pamoja na mnara wote wa kanisa, alijikuta katikati ya njia ya baiskeli. Bibi kizee mmoja alipiga kengele, akafunga breki, akamfokea kwa Kiholanzi.

"Unajua unaongea na nani?" Mwalimu alinguruma, kwa Kiswahili.

Bibi alimwonyesha mchoro wa baiskeli uliokuwa barabarani, chini ya viatu vya Mwalimu, akaenda zake. Mwalimu alisema mji huo hauna heshima, akajifungia nyumbani kwa Nelvine siku mbili.

Siku mbili hizo ndizo Chepngeno alizotalii. Nelvine alimpeleka shamba moja nje ya mji, kwenye nchi tambarare kama sinia. Aliona ng'ombe wamelalia magodoro ya mpira, na wengine wamepanga foleni wenyewe kwenda kukamuliwa na mashine, bila mtu wa kuwapigia kelele. Aliuliza maswali mpaka Nelvine akachoka kutafsiri. Akainama, akapima unene wa godoro kwa vidole.

Waliporudi Kimulot, mchungaji aliwaomba waeleze safari. Mwalimu alisema saa nzima. Mwishowe Esnah, mwenyekiti wa akina mama wa maziwa, akainua mkono.

"Mwalimu, ng'ombe wa huko wanalala wapi?"

"Wanalala... vizuri," alijibu. "Kwa utaratibu."

Mtu alicheka huko nyuma. Chepngeno, aliyevumilia hotuba miaka thelathini na minne, akasimama.

"Wanalala juu ya mpira. Ng'ombe akipumzika vizuri anacheua vizuri, na akicheua vizuri maziwa yanaongezeka."

Maswali yakamiminika, na kanisa lote likamgeukia yeye. Mwalimu akabaki anamwonyesha mchungaji picha, na mchungaji shingo yake iko kwa Chepngeno.

Kufikia Alhamisi wanawake saba walikuwa zizini kwa Chepngeno, wakikata mpira mkuukuu wa tairi la lori kuwa vipande vya kutandika. Mwalimu akatokea mlangoni na tai yake.

"Mama Nelvine, chai yangu iko wapi?"

"Iko jikoni, Baba Nelvine," alijibu bila kuinua kichwa. "Ukishapata yako, leta na ya wageni."