Mpigaji Aliyekaa Benchi Wiki Nzima

Saa moja kamili asubuhi simu ya Verna Hruska ililia, na kabla hajavaa miwani alikuwa ameshaanza kutabasamu. Alijua ni matusi.

"Shemeji," Orville Novotny alikuwa ameandika, "mrushaji wako jana alipigwa mpaka nikamwonea huruma mama yake mzazi. Mwambie akauze karanga uwanjani, pengine huko atafaa."

Chini yake wanaume wengine saba walikuwa wamecheka, na mwenyekiti Glen Sedlacek alikuwa ameongeza kuwa hata karanga zenyewe angezimwaga. Verna akamimina kahawa, akaketi, akajibu kwa kidole kimoja: "Orville, wewe ni wa tisa. Wa tisa hamcheki wa nane, anashika adabu yake."

Ligi yao iliitwa Ligi ya Uji, kwa sababu karibu wote walistaafu kwenye kiwanda kimoja cha uji wa shayiri hapo Cedar Rapids. Walikuwa kumi. Kila mwezi wa Machi walikutana kwenye chumba cha chini nyumbani kwa Glen, na kila mmoja akachagua wachezaji wa kweli wa besiboli kutoka timu mbalimbali za nchi, akawaita wake, ingawa wao hawamjui na hawatamjua mpaka kiama. Mpigaji akipiga vizuri huko aliko, wewe umekaa Iowa na kikombe chako unapata pointi. Akirushiwa mpira akakosa mara tatu, unakatwa. Kila wiki unapambana na mwenzako mmoja, na jedwali linapanda na kushuka kila siku inayopita. Ni upuuzi? Haya, ni upuuzi. Lakini upuuzi uliodumu miaka ishirini na sita una heshima yake, na mtu asije akawadharau mbele yangu.

Timu ilikuwa ya mumewe, Leland. Leland alifariki mwezi Februari, ghafla, akiwa anafuta theluji kwenye kioo cha gari. Wiki tatu baadaye Glen alikuja na kofia mkononi, akazungukazunguka kama mtu aliyepoteza funguo, mwishowe akasema kuna mtu kwenye foleni anataka ile nafasi.

"Nafasi ipi?" Verna akauliza. "Nitacheza mimi."

"Shemeji, wewe hata mpira wenyewe hukuwa ukitazama."

"Miaka arobaini na moja nimeusikia kupitia ukutani. Nitacheza."

Glen alipaliwa na kahawa, lakini sheria za ligi hazikumpa pa kukatalia. Ila zilikuwa na moja kali: anayeshika mkia mwisho wa msimu anatoka, na anayengoja anaingia. Hakuna cha uzee wala ujane. Anaondolewa hata kwenye kundi la simu.

Na hapo ndipo palipokuwa na roho ya Verna. Besiboli yenyewe haikumhusu sana. Nyumba ilikuwa imenyamaza, jamani. Wanawe wawili walikuwa mbali, na wakipiga simu walizungumza kwa sauti ile ya chini ambayo watu huitumia hospitalini. Ni wale wanaume wa uji tu waliozungumza naye kama mtu mzima. Walimtukana. Kila asubuhi walimtaja na Leland ndani yake: "Leland asingemchagua huyo hata kwa bunduki." Kulisikia jina lile likitajwa bila huzuni kulimfanyia kitu ambacho pole za kanisani hazikuweza. Alitaka jambo moja, asitoke.

Aprili alikuwa kichekesho. Alimchagua mpigaji mmoja kwa sababu ana sura ya mtu anayemkumbuka mama yake. Wiki ya kwanza aliwaacha watatu benchi kwa kutojua kwamba kikosi hupangwa kila siku, na ukichelewa, mechi ya mchezaji ikianza hapo alipo ndipo anapobaki. Mei akamshinda Glen, akaimba jikoni. Juni alipoteza wiki tatu mfululizo, akawa hali chakula cha jioni mpaka mechi za magharibi ziishe. Julai akapanda mpaka nafasi ya sita, Orville akaandika kwamba sasa dunia imekwisha, watu watubu.

Kisha ikaja Agosti, na msalaba.

Mpigaji wake bora alikuwa Eliseo Bracamonte, jitu la mabega mapana lililompa pointi kama bomba lililopasuka. Asubuhi moja Verna aliona msalaba mwekundu kando ya jina lake. Ameumia! Akaona si haki kumng'ang'ania mgonjwa, akabonyeza pale pa kumwacha huru ili akapumzike na watu wake. Msalaba ule maana yake ilikuwa siku kumi tu, kidole kimevimba. Mtoto wa miaka tisa anayecheza mambo haya angelijua hilo. Haraka haraka haina baraka, na Verna alikuwa amefanya haraka ya huruma, ambayo ni mbaya kuliko zote.

Sasa, mchezaji aliyeachwa huwekwa sokoni siku mbili, na anayeshika mkia ndiye mwenye haki ya kwanza kumchukua. Mwezi wa kubadilishana wachezaji ulikuwa umekwisha. Ukimpoteza mtu hapo, hakuna wa kukurudishia. Na aliyeshika mkia wiki ile alikuwa Orville.

Siku ya pili saa moja simu ikalia. "Asante kwa zawadi, shemeji," Orville aliandika. "Nitamtunza."

Verna alilia kwa hasira. Jumanne, siku ambayo ligi hukutana kwenye mkahawa karibu na mto, alikuja na sahani ya kolachi, vimkate vitamu vyenye jamu ya plamu, akazigawa moja moja, na alipofika kwa Orville akaipitisha sahani juu ya kichwa chake.

"Kwani mimi sina mdomo?" Orville akauliza.

"Una Bracamonte. Mle."

Meza nzima iliangua kicheko, na Orville mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Verna hakucheka. Alikuwa ameanza kuhesabu wiki zilizobaki.

Bila Bracamonte alishuka. Wa saba, wa nane, wa tisa. Wiki ya mwisho ya Septemba ikawakuta wawili chini kabisa, Verna na Orville, wakipambana wao kwa wao, na atakayeshindwa ndiye anayetoka. Verna alipanga kikosi chake kila asubuhi kama mtu anayepanga vyombo vya harusi. Jumatatu aliongoza. Jumatano bado aliongoza. Jumamosi jioni alikuwa mbele kwa pointi sita, na akampigia mwanawe wa Oregon kumwambia kwamba mama yake sasa anaujua mchezo.

Jumapili, baada ya kanisa, alifungua simu kutazama upande wa Orville. Siku zote alikuwa akiangalia wa kwake tu. Kutazama wa adui ni jambo ambalo Glen alimfundisha majuzi. Akashuka na orodha. Pale chini, benchi, akamkuta Bracamonte. Mzima, bila msalaba. Akarudi nyuma Jumamosi. Benchi. Ijumaa, benchi. Alhamisi alikuwa amepiga mpira mara mbili nje ya uwanja, na pointi zote zile zilikuwa zimekaa benchi zikimtazama.

Verna akaketi kitandani na koti lake la kanisani. Kumbe! Kumbe hakuwa anashinda. Alikuwa anashindishwa. Na wale wengine wanane wanaosoma kila kitu, wanaotukanana kwa kosa la nukta moja, hakuna aliyesema neno wiki nzima, ilhali sheria ya kwanza ya ligi ni kwamba hakuna kujiangusha makusudi. Uso ulimwaka kwa aibu. Akapiga simu.

"Orville. Mpange Bracamonte."

"Nani? A, huyo. Ana uchovu."

"Ana uchovu wa mgongo wako! Usinifanye mtoto, shemeji. Wiki nzima umemkalisha. Unanihurumia?"

Verna alimsikia Orville akivuta kiti.

"Nilimchukua Agosti kwa sababu nyuma yangu kwenye foleni ya kumchukua alikuwa Glen, na wiki ile ile ulikuwa unapambana na Glen," akasema. "Angekutandika. Halafu nikamtumia kwa wengine, sikatai, mimi si mtakatifu. Lakini dhidi yako sikuweza."

"Kwa nini?"

"Irma wangu alipofariki, watu walinijia na vyakula wiki mbili, kisha kila mtu akarudi kwake. Ni haki yao. Mumeo ndiye aliyeendelea. Kila asubuhi saa moja, tusi. Siku nyingine tusi lenyewe halina hata maana, nadhani lilikuwa limemwishia. Siku mia moja na kumi hakukosa hata moja, Verna. Nilikuwa naamka ili nisome nimetukanwaje leo. Na safari hii zamu ikawa yangu."

Verna hakujua hilo. Miaka yote alimwona Leland akichekelea simu yake mezani, akamgombeza kwamba chai inapoa. Machozi yakamtoka, na safari hii hayakuwa ya kufiwa. Alimshukuru Mungu kwa mume aliyekuwa naye, kwa sauti, Orville akiwa bado anasikiliza.

"Asante," akamwambia. "Asante sana, shemeji. Sasa mpange."

"Nimekwambia..."

"Nimesikia. Ukinipa nafasi hii bure, kila ukinitukana nitajua unanibembeleza. Sitaki kubembelezwa. Mechi yake inaanza saa saba na sasa ni saa saba kasoro dakika nane. Mpange, au nampigia Glen nijitoe mwenyewe."

"Wanawake wa Leland," Orville akanung'unika.

"Alikuwa na mmoja tu. Mpange."

Akampanga.

Wachezaji wengine wote wa pande mbili walikuwa wamemaliza kazi yao tangu Jumamosi. Alibaki jitu lile peke yake. Mara ya kwanza kushika gongo, wenzake wawili wakiwa wameshasimama kwenye vituo vya kukimbilia, Bracamonte aliupiga mpira ukaenda kwenye maegesho ya magari. Pointi nane. Orville mbele kwa mbili. Verna akajifunika uso kwa mto, akajiita mjinga, akamuuliza marehemu kama na yeye anaona. Mara ya pili Bracamonte akakosa mara tatu, akakatwa moja. Mara ya tatu akakosa tena. Sare.

Ilipofika zamu yake ya mwisho, Verna alikuwa amesimama katikati ya sebule, na kitu kikamjia ambacho hakukitarajia. Alimwona Orville mbele ya televisheni yake, na ile nyumba yake isiyo na Irma. Miaka ishirini na sita. Yule mzee alikuwa tayari kuipoteza nafasi yake kimyakimya, bila kumwambia mtu. "Piga, mwanangu," Verna akasema. "Piga basi, potelea mbali."

Bracamonte akauzungusha ule mkono wake wa mti. Hewa tupu. Mara ya pili, hewa. Mara ya tatu aliukosa mpira kwa umbali ambao hata Verna asingeukosa.

Verna alikuwa ameshinda kwa pointi moja.

Simu ikalia. "Yaani ulinipigia kunifukuza," Orville akasema, akicheka, lakini kicheko kiliisha mapema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Hongera, shemeji. Umeshinda kihalali." Jioni Glen akaandika kwenye kundi maneno mawili matatu ya heshima, kisha jina la Orville Novotny likatoweka kwenye orodha, kama sheria ilivyotaka.

Verna hakufurahi hata kidogo. Alitembea nyumba nzima. Akampigia Glen.

"Sheria inasema timu ni ya mtu mmoja?"

"Haisemi," Glen akajibu, upesi mno, kama mtu aliyekuwa ameshaifungua karatasi na kuikagua. "Nimeitazama mbele na nyuma. Haisemi popote."

Jumatatu Verna aliamka kabla ya jua. Msimu ulikuwa umekwisha na kundi lilikuwa kimya, kila mtu amelala. Alikaa na simu mkononi akifuta na kuandika upya, maana maishani mwake alikuwa akijibu matusi tu, hakuwahi kuyaanzisha. Ilipogonga saa moja kamili akatuma kwa Orville peke yake:

"Wewe mzee wa mkia. Hata mgonjwa wa msalaba mwekundu amekukataa. Machi nahitaji mtu wa kukaa kando yangu anizuie nisiwaonee wachezaji huruma, na kwa kuwa hakuna mwenye akili aliye na nafasi, imebidi nikuulize wewe. Timu moja, watu wawili. Glen anasema inaruhusiwa."

Ilipita dakika moja. Zikapita tano. Verna akasimama, akaketi.

"Nilikuwa macho tangu saa kumi na moja," Orville akaandika hatimaye. "Nilidhani leo simu haitalia."