Bonge Kwenye Bomba la Ubaridi

Uji wa barafu una kiburi chake. Ukienda mbio bombani unateleza vizuri na kupoza jengo zima la maduka. Ukizubaa kidogo tu, punje zake, zilizofungia gesi ya kaboni ndani, zinashikana na kuwa bonge. Ndilo lililomkuta fundi Mitsue Kuwabara adhuhuri ile ya Agosti, chini ya jengo moja huko Kawasaki, pampu ikiguna kwa kukosa njia.

Bonge likitulia halina neno. Balaa ni presha ipungue upande mmoja tu: lile dude hufyatuka kuelekea huko na kupasua bomba kwenye kona, na aliyesimama hapo ndiyo basi tena. Kwa hiyo, ili liyeyuke, gesi hutolewa pande zote mbili pamoja, polepole, watu wawili, kila mmoja na vali yake. Anayegeuza huinyooshea kidole geji na kutaja presha kwa sauti, mwenzake ajibu. Mitsue alishika vali ya huku. Nyuma ya ukuta alikuwa mkubwa wake wa kazi, Nishiwaki, aliyeshinda akimtania kwamba mikono yake inatetemeka kama ya bibi harusi.

"Thelathini," Mitsue aliita.

"Thelathini."

"Ishirini na nane."

Kimya.

Aliita tena. Kimya. Gesi ile haina harufu, hutuama sakafuni, na mtu huanguka bila hata kupiga kelele.

"Kaka Nishiwaki, nijibu basi!"

Huku kwake kulikuwa na geji ya upande wa kule pia, nayo ilikuwa ikiporomoka. Bila shaka vali yake imebaki wazi, na yeye amelala pale chini. Bomba likaanza kukwaruza. Bonge lilikuwa linamwendea.

Njia ilikuwa moja tu, afungue ya kwake yote, presha ya huku ishuke mpaka iikute ya kule. Akipitiliza, bonge linamrudia yeye. Jamani, aliogopa! Aliogopa mpaka meno yakagongana, akamwita mama yake, marehemu, kisha akageuza vali hadi mwisho. Bomba likanguruma, likaruka, kitu kikagonga kona iliyo juu ya kichwa chake kwa kishindo cha kutoa roho. Chuma kikavumilia.

Akabana pumzi, akakimbilia nyuma ya ukuta kumvuta mwenzake. Hapakuwa na mtu. Vali ilikuwa wazi, na mlango wa ngazi pia.

Alimkuta uani, amechuchumaa kando ya mashine ya vinywaji, uso umempauka. Mitsue akamwambia alidhani amekufa. Nishiwaki alitazama viatu vyake.

"Nilikusikia ukiniita," alisema. "Mara zote. Bomba lilipoguna, miguu ikanipeleka tu."

Mitsue alitaka kumtukana, akaacha. Akakaa chini kando yake. Zamu yao ilikuwa ya pamoja, wao wawili, mpaka majira ya joto yaishe.