Bawabu wa Barua za Roswitha

Eckhard Brüning hakutaka barua pepe zake zilale kwa makampuni ya watu. Seva, mashine ya kupokea na kutuma barua, alikuwa nayo mwenyewe, nyumbani kwake katika mji wa Celle, Ujerumani, katika chumba cha chini, baina ya mashine ya kufulia na rafu ya matango ya siki. Barua zote za nyumba ile ziliingilia hapo na kutokea hapo, zake na za mkewe Roswitha.

"Kwangu hakuna mbea wa kusoma barua za mtu," alipenda kujigamba. Na kweli alikuwa hasomi. Alichokiona ni bahasha tu: nani kaandika, kwa nani, saa ngapi. Mwenye seva hawezi kuliepuka hilo, kama bawabu asivyoweza kufumba macho mlangoni.

Tena alikuwa bawabu mkali. Mashine ngeni ikibisha kwa mara ya kwanza, seva yake huiambia, "Rudi baadaye." Mashine za matapeli hazina subira, zikishafukuzwa hazionekani tena. Ya mtu mwaminifu husubiri kidogo ikarudi, na safari hiyo hufunguliwa.

Taabu ilikuwa barua za Eckhard mwenyewe kwenda nje. Makampuni makubwa yaliziona zinatoka kwenye anwani ya intaneti ya nyumbani, yakazihesabu barua taka. Hilo angelivumilia. Kilichomkereketa ni Hartmut Lohse, mwalimu mstaafu wa fizikia wa mtaa wa pili, ambaye seva yake ilikaa chini ya ngazi na viatu vya mvua, na barua zake zilifika popote duniani. Kila mwezi wapenda seva walikutana katika chumba cha nyuma cha baa, na kila mwezi Lohse alimchokoza.

"Bado wanakutupa tu, Eckhard? Pole, ndugu yangu! Umewaomba watu wa intaneti waisajili anwani yako kwa jina la seva? Mtu asiye na jina nani atamfungulia?"

"Nimewaomba."

"Waombe tena basi, ila safari hii uwe na adabu."

Meza nzima iliangua kicheko, na bia ikamwingia Eckhard chungu. Juu ya yote, bwana huyo aliimba besi katika kwaya ya Roswitha.

Jumamosi moja Eckhard alishuka chini kutafuta kwa nini barua yake kwa daktari wa meno imekataliwa. Akapitia kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, na ya daktari akaisahau palepale. Lohse kwa Roswitha. Roswitha kwa Lohse. Lohse kwa Roswitha tena, asubuhi ileile, wakati Eckhard alipokwenda kununua mikate. Akarudi nyuma wiki nzima, na kila siku walikuwamo. Kwaya gani hiyo ya kuandikiana asubuhi na mchana?

Jioni, mezani, alijitia kuuliza juujuu.

"Kwaya ina kazi nyingi siku hizi?"

"Kiasi," alisema Roswitha, akipaka siagi mkate wake.

"Na Bwana Lohse, bado anaimba?"

"Hartmut? Anaimba, tena vizuri."

Hartmut! Jina tupu, bila Bwana mbele.

Kesho yake alimfungia Lohse mlango wa seva. Sasa, Eckhard alikuwa na msimamo wake: barua ya mtu haitupwi kimyakimya. Ukiikataa, sharti seva imwambie aliyeituma kwa nini imekataliwa. Miaka yote aliwahubiria wenzake hivyo pale baa, na hata wivu haukumtoa katika desturi hiyo. Basi akaandika sababu: "Hutakiwi hapa. Mwache mke wangu." Lohse atalisoma jibu hilo, alijiambia, atashikwa na aibu na kunyamaza. Mwizi hapigi kelele za mwizi.

Alilala usingizi mnono. Siku mbili baadaye, mchana, Roswitha alishuka chini huku amevaa koti.

"Eckhard, kuna barua naingojea haifiki. Hebu nitazamie."

Eckhard alikaa mbele ya kioo, akabonyezabonyeza, akaguna kama fundi.

"Kwetu kuko salama kabisa," alisema, na maneno yalimwia matamu. "Hitilafu ni ya mashine ya Lohse."

"Nimekutajia Lohse mimi?"

Eckhard alirudisha macho kwenye kioo, akabonyeza tena.

"Mwache mke wangu," alisema Roswitha polepole. "Hartmut alidhani ni mzaha wako, akausoma mbele ya kwaya nzima. Wamecheka mpaka mpiga kinanda akashindwa kupiga. Mimi sikucheka."

"Mnaandikiana kila siku, Roswitha! Kila siku!"

"Kwa sababu ananifundisha kusimamisha seva. Yangu mwenyewe."

Afadhali angempiga kofi. "Na mimi je? Mimi si fundi? Mke wangu anakwenda kujifunza seva kwa Lohse!"

"Ningekuja kwako ungekuwa bawabu wa huko pia. Husomi, sawa, nakiri. Lakini dada yangu akiniandikia, kabla sijafungua umeshaniuliza, 'Dada yako kaandika saa nane, kuna nini?' Nimechoka, mume wangu. Barua ni zangu, na mimi ndiye ninayehojiwa."

"Iko wapi hiyo mashine yako?"

"Kwa Hartmut, rafuni chini ya ngazi, kando ya ile ya mkewe. Ndiyo, mkewe naye anayo yake."

Alifunga vifungo vya koti, akatoka. Eckhard aliufungua mlango wa Lohse aliokuwa ameufunga, kisha akakaa juu ya kreti la maji ya chupa. Aliona haya, lakini wivu ulikuwa palepale. Rafu ya Lohse! Hata rafu aliionea wivu.

Mara mstari mpya ukajitokeza kwenye kioo. Jina geni, na ndani yake jina la Roswitha. Mashine ya mkewe ilikuwa inabisha, imebeba barua ya kumpa Eckhard. Na seva, kama alivyoilea mwenyewe, ikajibu: "Rudi baadaye."

"Hapana, hapana!" Eckhard aliruka. Lakini kilichokwisha fukuzwa hakivutwi kwa kamba. Kazi yake sasa ilikuwa kungoja. Akangoja, akiuma kucha, akimwomba Mungu ambaye kwa kawaida alimkumbuka Krismasi tu.

Mashine ya Roswitha ilirudi, na barua ikaingia.

"Eckhard, hii ni barua yangu ya kwanza, na nimekuandikia wewe. Nakuja kula. Usiniulize lolote."

Aliandaa mkate, jibini na matango, akawasha mshumaa ambao hakuna aliyemwomba. Roswitha alirudi, wakala. Katikati ya chakula simu ya Roswitha ililia mlio wa barua. Aliisoma, akatabasamu, akaiweka kifudifudi kando ya sahani.

Bahasha ya barua hiyo haikupita kwenye seva ya Eckhard, na roho ilimuuma kama jino bovu. Akachukua tango, akalikata vipande vyembamba mno, mpaka likaisha.