Aliyeliliwa na Sajida

Rihab alipovuka lango la mwisho la kizuizi cha jeshi la Israeli, akiwa amemshika mwanawe Sajida mkono, hakutarajia kumkuta Gidon. Alikuwa amejiandaa kwa dereva mwingine yeyote. Lakini lile gari jeupe lenye mlango uliobonyea lilikuwa palepale, na mzee mwenyewe kasimama kando yake, kakonda hadi shati linamning'inia.

Kabla ya vita ndiye aliyekuwa akiwapeleka hospitali ya upande wa pili, Sajida akasafishwe damu, maana figo zake ziligoma tangu akiwa mdogo. Gidon alikuwa fundi bomba mstaafu, Myahudi wa Haifa, aliyejitolea kwa gari lake na petroli yake katika shirika la kuwasafirisha wagonjwa. Kiarabu chake alikiokota kwa vibarua wa ujenzi, na nusu yake ilikuwa matusi ambayo mwenyewe hakujua kuwa ni matusi. Rihab alikuwa akicheka hadi anajifunika uso kwa mtandio.

"Baba Omri, neno hilo usije ukamwambia daktari. Utatufukuzisha!"

Rihab alimletea mikate ya zaatari, iliyopakwa majani makavu na ufuta, ingali moto, naye aliila huku anaendesha, makombo yakimjaa kifuani. Siku ambazo mgongo ulimkamata, alikuja mwanawe Omri, kijana mrefu aliyembeba Sajida mabegani hadi wodini na kumfundisha kupiga mbinja.

Kisha vita vikaanza na njia ikafungwa. Sajida akawa anatibiwa mjini Nablus, upande wao, ambako mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Akavimba miguu, akavimba uso. Huko Gaza, nyumba ya Nuha, dada yake Rihab, ikaporomoshwa na kombora, yeye na wanawe wote wakiwa ndani. Haukupita muda, Rihab akasikia kwamba Omri alikuwa ameitwa jeshini, na ameuawa hukohuko Gaza. Alishika simu akaandika rambirambi. Akafuta. Akaandika tena. Sura ya Nuha ikamjia, akaizima simu. Naye Sajida hakuambiwa lolote.

Sasa njia ilikuwa imefunguliwa tena kwa wagonjwa, nao walikuwa garini, barabara ikiwa wazi mbele yao. Hakuna aliyetania.

"Hukunipigia, Mama Sajida," Gidon alisema hatimaye.

"Na wewe hukunipigia."

"Mimi nilikuwa nazika."

"Afadhali wewe uliyepata cha kuzika. Dada yangu Nuha mpaka leo yuko chini ya zege, yeye na watoto. Khan Yunis."

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Ungeuliza ungejua."

Rihab alijiambia anyamaze, mtoto anahitaji hospitali, na mtu huyu ndiye aliyeshika usukani. Mdomo haukumsikiliza.

"Omri alikuwa kikosi gani?"

"Mizinga."

"Wapi?"

Gidon alilisogeza gari kando ya barabara, akalizima. Mikono yake ilibaki juu ya usukani.

"Unaniuliza nini, Mama Sajida? Kama mwanangu alimuua dada yako?"

"Umelisema mwenyewe."

"Sijui! Na yeye mwenyewe asingejua. Wanapewa namba za mahali, wanapiga. Nilimwambia asiende. Akaniambia, baba, wenzangu wanakwenda. Unataka nimchukie nikiwa nimeshamzika?"

"Nataka mtu mmoja tu wa kwenu aniambie ni nani aliyemuua Nuha!"

Hapo ndipo Sajida aliposema kutoka kiti cha nyuma, sauti nyembamba, "Omri amekufa?"

Wote wawili walikuwa wamemsahau. Hakuna aliyemjibu, na kwa kutojibiwa akaelewa. Akaanza kulia, kilio cha mwili mzima, pumzi zikimkwama, akiliita jina la Omri. Rihab aligeuka, mkono ukapaa, akamzaba kofi kwenye shavu lile lililovimba.

"Kwa Nuha hukutoa hata chozi moja! Dada yangu wa tumbo moja! Leo unamlilia askari?"

"Khale Nuha simjui, mama," mtoto alisema kwa kwikwi. "Sijawahi kumwona."

Ilikuwa kweli. Kibali cha kwenda Gaza hakikupatikana hata siku moja, wala Nuha hakuruhusiwa kutoka. Mtoto alimjua huyo khale, dada wa mamaye, kwa sauti ya simu iliyokatikakatika. Lakini Omri mtoto alimjua kwa mabega yaliyombeba.

Gidon aliwasha gari. Aliwafikisha, akabeba mfuko wao hadi mlangoni kama zamani, na jioni akawarudisha kizuizini bila neno. Rihab alipokuwa anashuka, Gidon alisema, "Mke wangu hajui kama niko hapa. Hataki tena nije."

Rihab alijua ni nini alichokuwa anaombwa. Neno moja tu la huruma lingetosha, na lilikuwa tayari kooni.

"Basi msikilize mkeo," alisema.

Safari iliyofuata alikuja dereva mwingine, binti mmoja mchangamfu, mwenye Kiarabu safi kisicho na kosa.

"Kumbe ni ninyi!" alisema akifungua mlango. "Picha yenu na Gidon iko ukutani ofisini kwetu. Wageni wote huonyeshwa. Tunawaambia, tazameni, urafiki unawezekana."

Rihab alifunga mkanda. "Hajambo?"

"Ameacha kuendesha. Hapokei simu."

Sajida alikuwa amempa mama yake mgongo, akitazama nje, na hakusema naye hadi walipofika.