Msamaha wa Mguu wa Kushoto

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatano, Mbuke, mtoto wa mfugaji, alisimama mlangoni kwa Balbina, pale Kibaoni, akiwa na dumu la maziwa mkononi na mguu wa mtu nyuma yake. Mguu ulikuwa wa kushoto, umekatika juu kidogo ya goti. Ulisimama wenyewe, umetulia, kama mteja anayesubiri zamu.

"Shikamoo mayu," alisema Mbuke, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nimeleta lita moja. Na huu nadhani ni wa babu."

Balbina alimimina maziwa kwenye sufuria kwanza, maana dumu lilitakiwa kurudi. Kisha akauangalia mguu. Juu ya kifundo palikuwa na kovu la jembe ambalo mume wake, Mzee Teofili, alikuwa amelisimulia kwa miaka mingi kwa watu wasioweza kuliona. Mguu wenyewe aliuacha Uganda mwaka 1979, alipokanyaga bomu lililofukiwa, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Taifa lilimshukuru kupitia redio.

Mbuke alieleza kwamba mguu ulijiunga na ng'ombe wa baba yake kule Geita, ukashuka nao mpaka huku bondeni. Ulikuwa mchungaji mzuri. Ndama akichepuka, ulimpiga teke moja la wastani, akarudi kwenye mstari. Hakuna aliyewahi kuuliza ni wa nani, mpaka juzi Mbuke alipomwona Teofili sokoni na magongo yake.

"Umekula?" Balbina aliuuliza mguu. "Haya, ingia ndani."

Mgeni aliyetoka mbali haulizwi safari kabla ya maji. Balbina alichemsha maji, akausugua mguu kwa brashi na sabuni ya mche. Udongo ulitoka kwa tabaka: mweusi wa mashamba ya mpunga juu, na chini kabisa, umeganda pembeni mwa kucha, mwekundu wa kule mpakani. Wote aliumwaga kwenye migomba. Alimaliza kwa kuupaka mafuta mpaka ukang'aa.

Teofili alitoka chumbani, akauona.

"Umechelewa," akauambia, akaketi kunywa chai.

Haukuwa umechelewa sana. Balbina alikuwa na friji ya barafu, na barafu ndiyo iliyolisha nyumba. Wanawake wanaofuata samaki Kivukoni walipita kwake alfajiri kuichukua. Lakini kodi ya jengo ilikatwa ndani ya umeme, pamoja na malimbikizo yake, hivyo kila Balbina aliponunua umeme serikali ilikula kwanza na friji ikala makombo. Barafu ilikuwa ikiganda pembeni tu, katikati ikabaki maji. Aneth, mteja wake mkubwa, alikuwa ameshamwambia mbele za watu, "Mama, mimi nauza samaki, sio mchuzi." Akampa mpaka mwisho wa wiki.

Sheria, kwa huruma yake, ilitoa msamaha kwa watu wa aina tatu: wazee, walemavu na askari waliopigana vita. Teofili alikuwa wote watatu, jambo lililomfanya aende ofisini mara ya kwanza akiwa na matumaini yasiyo na sababu.

Afisa wa misamaha aliitwa Lukelo, kijana mwenye shahada na adabu. Ofisini kwake palikuwa na kiti maalumu cha wazee, na juu yake iliwekwa printa, kwa kuwa nayo ilikuwa ya zamani. Lukelo alimsikiliza Teofili akiwa amesimama, yaani Teofili ndiye aliyesimama. Kuhusu uzee, alisema, nyumba ina friji ya biashara, na mzee mwenye biashara, kwa tafsiri ya ofisi, bado hajazeeka. Kuhusu vita, suala liko kwenye mchakato. Mchakato huo ulimzidi Lukelo umri. Ulibaki ulemavu.

"Naona mguu haupo, mzee wangu," alisema. "Lakini kutokuwepo sio kielelezo. Wakaguzi wakija nitawaonyesha nini?"

"Waonyeshe mimi."

"Wewe ni mwombaji. Mwombaji hawezi kuwa kielelezo chake mwenyewe. Niletee kitu."

Sasa kitu kilikuwepo.

Alhamisi walijiandaa kama watu wanaokwenda serikalini. Teofili alivaa koti la kanisani. Balbina alivuta boksi chini ya kitanda, lililojaa viatu vya kushoto, kwa sababu duka haliuzi kiatu kimoja na yeye hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima. Alichagua cheusi cha kamba, akauvisha mguu, akaufuta vumbi kwa ncha ya kitenge. Dereva wa bajaji aliutazama, akautoza nauli ya mwanafunzi.

Lukelo aliwasalimia Teofili na Balbina shikamoo, na mguu akauambia mambo, kwa kuwa ulikuwa mdogo kwake. Aliuomba usogee karibu na mwenyewe. Ulisogea. Teofili alifungua pini ya suruali na mguu ukasimama chini ya kisiki chake, ukalingana nacho barabara, isipokuwa ulikuwa na misuli zaidi.

"Ni wake," alisema Lukelo. "Hilo halina ubishi."

Balbina alishusha pumzi.

"Nitajuaje umetoka vitani?" aliuliza Lukelo.

"Ulikuwa na tope la mpakani," alisema Balbina. "Jekundu."

"Tope liko wapi?"

"Niliuosha."

"Mama, kwa nini umeosha kielelezo?"

"Ulikuwa mgeni."

Lukelo alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu. Aliandika kitu kwenye kompyuta. Akatazama kiatu, ambacho hakikuwa na mkunjo hata mmoja, akasema kwamba wakaguzi huwa wanaangalia viatu vipya, kwani mtu asiye na uwezo hanunui viatu vipya.

"Tuache hilo la vita," alisema. "Kwenye ulemavu kigezo ni kupungukiwa kiungo. Na mzee hapa ana miguu miwili. Nimeihesabu."

"Haujaungwa," alisema Teofili.

"Kuungwa sio kigezo. Wewe hujapungukiwa, mzee wangu. Umetenganishwa tu."

"Nimetenganishwa miaka arobaini na sita."

"Na sasa mmekutana. Hongereni." Aligeukia mguu. "Huyu ana umri gani?"

Ngozi ya mguu ilikuwa laini, haina hata mshipa uliovimba.

"Ishirini na moja," alisema Teofili, ambaye hakuzoea kumdanganya mtu wa serikali.

"Basi kuna tatizo jingine. Nyumba yenu ina kijana mwenye nguvu. Anafanya kazi?"

"Anachunga," alisema Balbina, na papo hapo akatamani angekaa kimya.

Lukelo aliandika kwamba anachunga, na ombi la msamaha likaishia hapo.

Walirudi kwa miguu, yote minne. Njiani Teofili alisema, "Lile tope ungeliacha."

"Nimpeleke mgeni wa watu serikalini na kucha chafu?"

Teofili alifikiri hadi walipofika getini. "Hapana," alikubali. "Isingependeza."

Jumamosi alfajiri Aneth alikuja na deli lake la kuhifadhia samaki, akabonyeza barafu kwa kidole, kidole kikazama. Hakusema neno la kuudhi. Alisema, "Nisamehe mama yangu," akalifunika deli likiwa tupu na kwenda nyumba ya nne, kwa mtu mwenye friji na miguu miwili inayolipa kodi. Wenzake wawili walimfuata.

Balbina alinunua umeme kwa fedha iliyokuwepo. Kodi ilikatwa. Friji ilinguruma mpaka saa nne asubuhi, kisha rimoti ya luku, mita ya umeme, iliyochomekwa kwenye soketi ya chini karibu na mlango, ikawasha taa nyekundu na kuanza kulia kwamba umeme unakwisha. Balbina alikuwa akikinga maji ya friji kwa beseni, mikono yote miwili ikiwa imeshughulika. Teofili alikuwa ameketi, magongo yakiwa mbali. Mguu ulivua kiatu, ukaruka mara mbili, ukabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Kelele ikakoma, ingawa umeme haukuongezeka.